Aliyetaka Kulaza Watu

Ukipasuliwa kesho, utauliza jina la nani: la mwenye kisu au la anayekulaza usingizi?

Usijibu haraka. Katika hospitali moja ya wilaya, jamaa za wagonjwa walikuwa wakimshika mpasuaji mkono, wakimwombea maisha marefu, kisha wakimpita Mama Usingizi, mtoa dawa ya usingizi, kama mtu anavyokipita kiti. Kiraka aliyaona hayo tangu alipoajiriwa. Jina hilo wauguzi walimbandika kwa sababu kila penye pengo ndipo daktari huyo kijana alipopelekwa: leo wodi ya watoto, kesho kliniki ya kisukari, keshokutwa chumba cha upasuaji kumsaidia Mama Usingizi.

Huko ndiko moyo wake ulikotua. Mama alikuwa na desturi yake. Kabla ya kumlaza mgonjwa, alimwomba amsimulie jambo lolote. Mgonjwa angeanza, "Basi yule mbuzi wetu mkorofi akaruka uzio..." na sauti ikafifia. Mama hakubanduka kichwani pake, vidole chini ya taya, sikio kwenye pumzi. Mtu akifumbua macho, aliulizwa, "Enhe, mbuzi akaruka uzio, ikawaje?" Akiendeleza hadithi, amerudi salama.

Sasa Mama alikuwa anakaribia kustaafu, na Kiraka alitaka kusomea ubingwa wa kazi hiyo. Mganga mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa mpasuaji, alimwita ofisini.

"Ruhusa ya masomo ni ya mtu mmoja, na nimekuweka wewe. Upasuaji. Unakwenda chuo kikuu, mshahara unaendelea, ukirudi tunagawana kisu."

"Nashukuru, mzee. Naomba iwe usingizi."

Mganga mkuu akacheka. "Usome miaka yote hiyo ili ulaze watu? Hata hotuba zangu zinalaza watu, na sikuzisomea."

"Lakini haziwaamshi, mzee."

Kicheko kikakatika. "Basi soma afya ya jamii kwa mtandao, jioni, huku unafanya kazi. Au upasuaji. Kwa usingizi, ruhusa sitoi."

"Hospitali ya rufaa inafundisha ubingwa huo kwa vitendo. Wanakuajiri, unasoma ukiwa kazini. Nitaacha kazi hapa niende."

"Uache kazi?"

"Niache. Nikihitimu nitaomba kurudi, kama mtanitaka."

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo za mtoto.

"Kaka yako amepiga simu. Anasema ukoo unataka mpasuaji."

"Na wewe unataka nini?"

Mkewe alikunja shati moja, akalinyoosha, akalikunja tena. "Mimi nilijifungua kwa kisu. Uso wa aliyenikata siukumbuki. Mkono wa yule mama shavuni mwangu naukumbuka mpaka leo. Nenda. Ila kaka yako utamjibu mwenyewe, mimi simo."

Alimjibu jioni ile ile. Kaka alifoka mpaka salio likamwishia.

Asubuhi yake Kiraka aliingia chumba cha upasuaji akamkuta mganga mkuu amekwisha kunawa na kuvaa glavu, mikono ameiinua kifuani asije akagusa kitu. Mezani alilala seremala mwenye ngiri, macho makavu. Mama Usingizi alikuwa ameitwa mbio wodi ya wazazi, na mwingine wa kazi ile hakuwepo. Kiraka hakuruhusiwa kumlaza mtu peke yake.

Seremala alichoka kutazama taa. "Daktari, mbona huanzi?"

"Namsubiri Mama."

"Kumbe hata wewe huwa unasubiri?"

Muuguzi mmoja akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mganga mkuu alisimama hivyo hivyo, mikono juu kama aliyekamatwa, mpaka Mama Usingizi akaingia akihema, akanawa, akavuta kiti hadi kichwani pa seremala.

"Haya baba, nisimulie."

"Kuna kabati moja," seremala akaanza, "lilinitoa jasho..."

"Kiraka," mganga mkuu akaita bila kugeuka, "upande huu wa kisu nina watu. Nenda kichwani."

Kiraka akaenda.