Nani Aliendesha Gari la Lweba?

Adolphine alikuwa ameshona viti vya magari mjini Baraka kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuendesha hata gari moja. Kazi ya ngozi na uzi aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza matandiko ya baiskeli. Baiskeli zilipopungua, yeye akahamia kwenye magari, hasa yale yanayoteremka kutoka Uvira yakiwa yameshabadilisha wenyewe mara tatu au nne.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Kila Jumapili baada ya misa wenye magari walikusanyika pale, kisingizio kikiwa ni kiti kilichochanika, ukweli ukiwa ni maneno. Walibishana kuhusu injini ya mazutu, yaani dizeli, na ya esanse, yaani petroli. Walibishana kama gari lenye volani upande wa kulia linafaa kwa njia zetu. Walifundishana namna ya kumbaini muuzaji aliyepaka rangi juu ya kutu. Aliyesikilizwa zaidi ni Déogratias, dereva wa teksi, ambaye hakuna injini aliyokubali kwamba haijui.

Adolphine hakubishana nao. Yeye alivijua viti. Akifungua kiti cha dereva aliweza kukuambia kama mwenyewe ni mnene, kama hushukashuka njiani, kama hubeba samaki. Mara nyingi alipatia, na wanaume walicheka, kisha wakarudi kwenye injini zao.

Mwaka juzi, mtu mmoja aitwaye Bonaventure alikuja kutoka Lweba kuuliza kama kuna anayetaka Land Cruiser fupi ya zamani. Ilikuwa ndani ya nyumba ya marehemu baba yake, nyumba yenyewe ilikuwa inabomoka, naye alitaka kutumia kiwanja. Wanaume wakapanda pikipiki kwenda kuitazama, na Adolphine akafuatana nao kwa kuwa siku hiyo hakuwa na kazi.

Walilikuta limekaa juu ya matofali, halina gurudumu hata moja, limefunikwa mabua ya maharage yaliyogeuka vumbi. Déogratias alifungua boneti, akajaribu kuzungusha injini kwa ufunguo mkubwa, ikagoma kama jiwe. Panya walikuwa wamekula nyaya zote. Akasema hicho ni chuma cha kuuza kwa kilo, na wenzake wakaanza kutafuta kivuli.

Adolphine alikuwa ameingia ndani. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho wa reli yake, kikashikwa na kutu papo hapo. Kwenye pedali ya freni, yaani breki, na ile ya ambreyaji, yaani klachi, mtu alikuwa amefunga vipande vya mbao ngumu, kila kimoja kwa bolti mbili, unene wa vidole vitatu. Adolphine ni mfupi. Katika viti vyote alivyowahi kujaribu, miguu yake iliishia hewani. Hapa nyayo zake zilitua juu ya mbao kama vile zimepimwa. Kisha akapasua mshono wa kiti cha abiria na kuingiza mkono. Springi zake zilikuwa bado ngumu, maana yake dereva alizoea kusafiri peke yake. Chini kabisa mkono ulikuta vijiti vikavu, vingi, vya urefu mmoja. Vilikuwa vipande vya miti ya mihogo.

Alimwuliza Bonaventure gari lilikuwa la nani. Bonaventure hakujua. Wakati wa vita vya tisini na sita alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na alipopata akili alilikuta limo ndani ya nyumba kama kabati.

Adolphine akalinunua. Mume wake Anatole, mvuvi, aliuliza swali moja tu, kama gari hilo linaelea, kisha akawatafuta jamaa wa kusaidia kulivuta hadi Baraka.

Fundi aliyekubali kazi aliitwa Hatungimana, Mrundi aliyekuwa na garaji Bujumbura kabla ya kukimbilia kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Jumatatu alishuka kutoka kambini kwa pikipiki, Ijumaa jioni alirudi kwa familia yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na asiye na haraka. Alimimina mazutu katika kila silinda, akafunga, akasema watangoja wiki. Wiki ikapita, injini ikagoma. Akamimina tena. Siku ya kumi na saba, Adolphine akiwa amepiga magoti anashona kiti, alisikia mlio mdogo kama wa mtu anayevunja muwa, na Hatungimana akasema kwa utulivu kwamba imekubali.

Vipuri vingine viliagizwa Uvira, vingine vilichongwa palepale. Jumapili wanaume walikuja kutazama, kila mmoja na shauri lake. Déogratias alitaka mbao za kwenye pedali ziondolewe, akisema ni mchezo wa watoto. Adolphine akamjibu kwamba kwanza atajua aliyeziweka ni nani, halafu ndipo ataamua.

Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Gari lilipowaka kwa mara ya kwanza, likitoa moshi mweusi uliowakimbiza kuku wa jirani, wengine walipiga makofi, naye alikuwa akiwaza ni nani alisikia mlio huu kabla yake. Hatungimana alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, asubuhi na mapema, na mwezi ulipokwisha alienda Lweba mwenyewe, kwa vitesi ya pili, yaani gia ya pili, njia nzima.

Huko alimtafuta mama yake Bonaventure, Mama Georgette, ambaye siku ya mauzo alikuwa shambani. Mwanamke huyo aliposikia gari alitoka nje, akaliangalia, akaketi chini. Ndipo akaeleza. Kulikuwa na Mama Fanny, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, mfupi sana, aliyezunguka vijiji vyote mpaka Minembwe kule milimani akigawa miti ya mihogo isiyoshikwa na ugonjwa wa majani. Vita vilipofika alileta gari usiku, mume wa Georgette akang'oa magurudumu na kulificha, kisha Fanny akavuka ziwa kwenda Tanzania na wakimbizi wengine. Baadaye walisikia amerudi, anakaa Fizi, miguu inamsumbua, hashuki tena mlimani. Georgette alituma habari mara mbili na hakupata jibu. Mume wake alipofariki aliogopa kuulizwa gari limefikaje kwake, akanyamaza.

Adolphine alirudi Baraka na mzigo mpya. Hatungimana alimshauri aache mambo hapo.

"Mama, gari iko yako, ulilipa," alisema. "Ukienda kumuuliza muntu kama kitu ni yake, atakuambia ndiyo."

"Najua."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Nataka kumuona," Adolphine akasema. "Nikikaa pale kwa kiti, miguu yangu iko mahali ya miguu yake. Siwezi kuendesha hivi na simujui."

Jumamosi iliyofuata walipanda Fizi wote wawili, kwa kuwa fundi alikataa injini yake ipande mlima ule bila yeye. Njia ilikuwa nyekundu na imechimbwa na mvua. Mara mbili walisimama maji ya injini yapoe. Kwenye kona kali Adolphine alishika volani mpaka viganja vikamuuma, na hofu yake haikuwa ya korongo. Alikuwa akihesabu miezi aliyoweka katika chuma kile, na kumfikiria bibi asiyemjua akinyoosha mkono kuomba funguo.

Nyumba ya Mama Fanny ilikuwa mbele kidogo ya parokia. Bibi alikuwa ameketi barazani akichambua maharage, na gari lilipoingia uani alikuwa ameshaacha kuchambua. Alikuwa mdogo kweli, miguu imevimba, miwani imefungwa kwa uzi. Hakusalimu kwanza. Alisikiliza injini mpaka Adolphine alipoizima.

"Pompe ya mazutu nani aliitengeneza?" akauliza.

Hatungimana akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Umefanya muzuri. Zamani ilikuwa inakohoa."

Ndipo salamu zikafuata, na viti, na maji ya kunywa, na habari ya jinsi gari lilivyofichwa kwa Georgette. Fanny aliuliza maswali mengi kuliko mgeni aliyekuja kuuliza. Alitaka kujua tangi lilioshwa kwa kitu gani, kama taa ya kushoto bado ina tabia ya kuzimika, na nani alishona viti. Alieleza kwamba baridi ya Minembwe ilikuwa ikiigomesha injini asubuhi, kwa hiyo alizoea kuliegesha gari kwenye mteremko, likitazama chini. Mbao za pedali alichonga mwenyewe. Mafundi wa mradi aliokuwa akiufanyia kazi walimwambia atafutiwe dereva mrefu, naye akawaambia kuchonga mbao ni kazi ya nusu saa.

Adolphine alingoja mpaka bibi alipokunywa maji.

"Mama, nimekuya kuuliza kitu. Ile gari iko yako?"

Fanny akavua miwani, akaifuta kwa kitenge.

"Ilikuwa ya mradi," akasema. "Mradi ulikwisha mwaka ule ule, na bakubwa bake balienda. Mi nilikuwa nafikiri baliichoma. Kama kuna muntu wa kushukuru, ni Georgette, maana kunyamaza miaka yote ile si kazi ndogo. Mumuambie sina neno naye." Kisha akavaa miwani tena. "Lakini kama iko na nafasi, mi nataka kuona shamba yangu ya kwanza. Kwa miguu sifiki tena."

Walimpandisha kwa kumshika huku na huku, akaketi kwenye kile kiti cha abiria ambacho enzi zake kilibeba miti tu. Njiani alimwelekeza Adolphine wapi abadilishe vitesi, na kila mara alikuwa sahihi.

Shamba halikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyumba nane za bati na kisima. Adolphine alimtazama bibi kwa wasiwasi, akidhani atalia, lakini Fanny alikuwa ameinamia kioo akihesabu mapaa na kuuliza hawa ni watu wa wapi. Nyuma ya jiko moja palikuwa na mihogo michache. Akaomba kuletewa jani. Mwenye nyumba, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alimletea. Fanny aligeuza jani, akalitazama upande wa chini, akapitisha kidole kwenye mishipa yake.

"Hii si mbegu yangu," akasema polepole. "Hii iko mupya. Nani aliileta?"

Yule mama hakujua. Yeye alipewa na jirani. Jirani naye alipewa na shemeji yake. Wakaenda nyumba kwa nyumba, gari likitambaa kwa vitesi ya kwanza, Fanny akiulizia dirishani na Adolphine akishuka kubisha hodi, huku Hatungimana amelala kiti cha nyuma na kofia usoni. Kufikia saa tisa walikuwa wamepata jina la mkulima mmoja na la kijiji anakokaa, mbali kidogo, kwenye njia ya kwenda milimani. Fanny aliuliza kama mafuta yanatosha. Hayakutosha, na giza lingewakuta njiani, kwa hiyo wakapatana kwenda huko Jumamosi inayofuata.