Jogoo Aliyelewa Goweko

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoshuka treni Goweko kwenda kujitambulisha ukweni, enzi za Mwingereza, viatu vinang'aa na moyo umejaa shaka. Nilikuwa karani Tabora mjini, na mama alikuwa amenionya: "Vijijini wakimpenda kijana wa mjini, humtilia dawa kwenye pombe."

Pombe nilikuwa nikiiona kwa mbali tu. Wazungu wa boma walikunywa barazani, kila mmoja na glasi yake, kama wagonjwa. Mtaani kwetu waliilaani mchana kutwa, ila wako waliokuwa na birika la "chai" ambayo mgeni hakukaribishwa kuinywa. Goweko, kata ya kunywea ilikuwa moja, ikizunguka midomo yote. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Baba yake Nyamizi, binti niliyemtaka, akachota mtungini pombe ya mtama, akaionja mbele yangu kama desturi yao inavyotaka, mgeni aone haina kitu. Akanipa. Nikajisemea, mbona ameonja kidogo hivyo? Alipogeuka, nikaimwaga nyuma ya kigoda. Jogoo akaja, akadonoa, akayumba, akaanguka chali.

"Sumu!" nikapiga kelele.

Kumwita mtu muuaji nyumbani kwake ni kuuaga uchumba. Lakini mzee hakunigombeza. Aliinua mtungi, akanywa mpaka machicha, akajifuta ndevu.

"Haya karani, keti. Tungoje nife."

Tukangoja. Mzee akaanza kuimba. Mkewe akapaza sauti toka jikoni: "Huyo jogoo yuko kwenye machicha yangu ya pombe tangu asubuhi!" Jua lilipopinda, jogoo akaamka, akawika kwa sauti ya kukwaruza.

Nyamizi akachungulia mlangoni. "Anayemwamini jogoo kuliko baba yangu, na amwoe jogoo."

Nilirudi mara tatu kuomba radhi. Mara ya tatu nikasema kweli: "Mzee, mimi sinywi. Naogopa." Akacheka, akaniletea togwa isiyolevya, akaionja kwanza. Nikamaliza yote. Na bibi yako Nyamizi, mpaka leo, akinipa chai huionja, kisha huwaita kuku.

Basi mwanangu, usipotaka kinywaji cha mtu, kataa kwa mdomo wako. Usipokee kwa mikono miwili huku moyoni umeshamfunga jela. Mungu akujalie wakwe wenye subira, na nyumba ambayo utakunywa bila kumtazama jogoo.