Kocha Aliyekula Ugali Wangu

Andika ninavyosema, mjukuu wangu, wala usirembe.

Kocha wa kwanza niliyemjua aliketi kwenye kiti cha mume wangu, katika nyumba tuliyopanga huku ugenini, mtaa wa Observatory, akala ugali wangu kwa mkono kama mzaliwa wa Bukavu. Alikuwa Mmarekani mwenye shingo nene. Alikuwa amemwona mwanangu mkubwa akicheza raga shuleni, akaja kumwomba kwa ajili ya chuo chao, akacheze mpira wa kwao, ule unaochezwa kwa helmeti. Mama yako, binti yangu, alitafsiri:

“Anasema, Mama, nitamtunza kama mwanangu wa kumzaa.”

“Huyu anaposa,” mume wangu akasema. “Mwulize mahari iko wapi.”

Tulicheka, tukamtoa mtoto.

Goti lake liliharibika, akageuka kocha msaidizi. Kazi ile haina mizizi. Timu ikishindwa, kocha mkuu hufukuzwa pamoja na wasaidizi wake, nao huanza kutafuta chuo kingine cha kujishikiza. Kila mwanangu aliponipigia simu ya video alikuwa na kofia ya rangi nyingine.

Mume wangu alifariki katikati ya msimu. Mwanangu hakuja kuzika, tukazika bila yeye. Lakini katika ukoo wetu mjane havui msiba mwenyewe. Mwanawe mkubwa ndiye humfungua kitambaa cheusi kichwani, mbele ya watu, ndipo aruhusiwe kuvaa rangi.

“Utakuja lini?”

“Msimu ukiisha, Mama.”

Msimu ukaisha. “Mama, sasa tunatafuta wachezaji.” Kisha akafukuzwa. Kisha akapata kazi mpya, na mgeni kazini haombi ruhusa. Nami hapa Kensington, mtaa niliohamia, niliendelea kuwashonea wenzangu vitenge vya harusi, huku nguo zangu nyeusi zikigeuka kijivu mwilini.

“Mama, unamlilia nani hadi leo?” mteja mmoja aliniuliza.

“Simama wima nikupime,” nikamjibu.

Juzi ulinionyesha video. Mwanangu sasa ni kocha mkuu. Ameketi sebuleni kwa mama mmoja wa huko, sahani magotini, anatafuna kuku. Nilikuamuru utafsiri, ukasita, ukaniita bibi kwa lugha ya kwetu.

“Koko, anasema… Mama, nitamtunza kama mwanangu wa kumzaa.”

“Na huyo mama?”

“Analia, Koko. Kwa furaha.”

Nilimtazama mama yule kuliko nilivyomtazama mwanangu. Nilitamani kumwambia akifiche kile kiti.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimwita mama yako mbele ya majirani.

“Nifungue kitambaa.”

“Mama, na kaka je?”

“Kaka yako yuko kwa mama zake wengine. Fungua.”

Alifungua fundo. Nikavaa kitenge cha njano nilichokishona zamani kwa siku hiyo, nacho kilinipwaya, kwa maana nimekonda tangu nilipojipima.

Jioni mwanangu alipiga simu. Nilikaa sawasawa mbele ya kamera, kichwa wazi, kitenge kikiwaka.

Aliniuliza tu kama nimeiona video.