Ndoo ya Gladys na Unga Unaowaka

Gladys Dena wa Ganda ana sheria moja, na ukiivunja utamjua. Ndoo ya mtu haiingii kisimani mwake. Hata uisugue yako kwa mchanga mpaka utakate, atakurudisha nayo. Maji huteka mwenyewe kwa ndoo yake ya plastiki, akaiacha ukingoni mwa kisima, imejaa na kufunikwa, tangu jioni, ili asubuhi majirani tuchote bila kungoja. Na kwa kuwa ndoo ya plastiki huelea, marehemu mumewe, Kalume, aliyekuwa mvuvi, aliifungia chubwi, kile kizito cha kuzamishia nyavu, likaning'inia ndani, ili izame. Mimi nimekunywa maji hayo miaka tisa na nimetukanwa mara nne.

Mwezi uliopita alikuja Wanjira, mtafiti wa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hukuja na ndoo?"

"Chupa tu, mama."

Alichota maji ndooni, akatia unga mweupe kidogo, akamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Unga huo, alisema, umesukwa maabara kwa metali na kemikali, nao una vijitundu vidogo mno kama macho ya wavu wa kimia. Ndani ya maji safi huwaka kijani. Ukinasa risasi, ile metali yenye sumu, huzimika.

Ulizimika.

"Bwana asifiwe!" Gladys akapiga makofi. "Maji yangu hayana moto!"

Wanjira akamweleza upya, polepole.

"Sasa mwanangu, chenye sumu ndicho kinyamaze, na kilicho salama kiwake? Mbona mambo yenu kichwa chini miguu juu?"

Hata mimi sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba kisima kingefungwa, na kwamba Gladys, asiyelia hata msibani, alikaa chini akalia.

Kesho yake Wanjira alirudi kuhakikisha. Safari hii alishusha chupa kisimani kwa kamba. Gladys alinung'unika, akaruhusu, maana chupa si ndoo. Unga ukawaka kijani kibichi.

"Kisima kimoja, maji ya namna mbili?" Gladys alitutazama kama sisi ndio tuliomchezea. Mimi nilishasema jini, na sioni haya kukiri.

Wanjira alifunua ndoo. "Mama, hiki kilichozama humu ni nini?"

"Chubwi la Kalume."

"Limetengenezwa kwa risasi, mama. Linalala ndani ya maji usiku kucha. Kisima chako hakina kosa."

Nilidhani atafurahi. Alimwaga maji, akaanza kufungua chubwi, lakini fundo lilikuwa la mvuvi, halikufunguka.

"Na Hannah?" aliuliza. Hannah ni mjukuu wake, wa miaka minne. Kikombe cha kwanza cha kila asubuhi ni chake.

"Tutampeleka akapimwe damu," Wanjira alisema.

Gladys alikuwa bado anahangaika na fundo Hannah alipotoka nyumbani na kikombe chake, akamshika bibi yake kanga, akaomba maji.