Mizunguko Miwili ya Bandeji

Basi bwana, Mlingoti alicheza kikapu mpaka wapinzani wakakoma. Chuoni aliwahi kufunga pointi arobaini na mbili mechi moja, na timu ya kulipwa ikamchukua miaka kumi na moja. Ukimsifu, anainamisha uso. Watu husema ni mnyenyekevu. Unyenyekevu gani! Dhamiri ilikuwa inamsuta.

Chuoni kwao wachezaji walifungana bandeji za miguu wawili wawili. Mlingoti alimfunga Mwewe, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Siku ya fainali walikuja watu wa timu ya kulipwa kuchagua mchezaji mmoja, na macho yao yalikuwa kwa Mwewe. Mlingoti naye alikuwa anahojiwa na redio, kichwa kimevimba. Akazungusha bandeji mara mbili badala ya sita, akavuta soksi juu, akarudi kwenye kipaza sauti. Mshenzi!

Robo ya pili Mwewe aliruka, akatua, kifundo kikavunjika. Kocha, akitafuta wa kulaumiwa, akatangaza kwamba kijana alikuja amelewa. Mlingoti alikuwa pale pale, akaufyata. Nafasi akapewa yeye.

Alipostaafu, uvumilivu ulimwisha. Alitaka kitu kimoja tu: amsikie Mwewe akisema amemsamehe. Akamfuata kwenye karakana yake ya kutengeneza cherehani.

"Karibu, supastaa! Angalia kichwa, mlango huo haukujengewa watu wa aina yako."

Mlingoti hakucheka. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yakimkaribia kidevu, akayamwaga yote.

"Ndugu yangu, mguu wako niliuvunja mimi. Bandeji niliilipua."

Mwewe aliendelea kukaza skrubu. "Najua. Nilivua ile soksi hospitalini, nikaona mwenyewe. Nikasema, aa, alikuwa na haraka. Mguu nilishakusamehe zamani."

Mlingoti akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga. "Asante, kaka. Asante sana."

"Subiri." Mwewe akaweka bisibisi chini. "Mama nilimwapia kwamba sikuonja pombe. Akaniuliza, kama ni kweli, mbona rafiki yako alikuwepo na hakukutetea? Tulimzika mwaka juzi, na mpaka anakata roho alikuwa ananiombea niache ulevi."