Mikono Minne ya Gari la Breki

Kwenye mtaa wa magereji walimwita Rula. Kwa miaka thelathini na mmoja alichomelea vyuma, na hakuna aliyewahi kumwona akikata bomba kabla hajalipima mara tatu. Wateja wenye haraka walimtania: "Rula, wewe hata kaburini utashuka na futi kamba." Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Nitashuka nayo. Wachimba kaburi wa siku hizi wanakadiria tu."

Alipofikisha miaka hamsini na sita, jicho la kulia likaanza kumfanyia vituko. Akitazama kitu, katikati palikuwa na doa, kama vile mtu amebandika kidole kwenye kioo. Pembeni aliona vizuri. Pale alipotaka kuona ndipo hapakuwa na kitu. Baada ya miezi minne jicho la kushoto nalo likafuata. Daktari wa macho alimmulika, kisha akamwambia kwamba mwanga wa weldi umeunguza ndani ya macho na palipoungua haparudi.

"Hata miwani?"

"Hata miwani, mzee wangu. Acha hii kazi uokoe kilichobaki."

Alimwambia mkewe tu. Mama Pacha alikuwa akikunja nguo kitandani; akaziacha.

"Waambie watu."

"Niwaambie nini? Kwamba Rula haoni rula?" Alicheka peke yake.

"Mficha maradhi, baba," mkewe alisema, na hakuimalizia methali ile. Wote wawili waliujua mwisho wake.

Rula akaanza kuchagua kazi. Alipokea meza, vitanda, vitu ambavyo vikivunjika mtu huanguka chini, akacheka, akainuka. Huenda angestaafu hivyo, polepole, kwa heshima zake. Lakini asubuhi moja akaja mdogo wake.

Huyu walimwita Breki, kwa sababu hakuzitumia. Alikuwa mdogo wake wa pekee. Baba yao alipofariki, Rula ndiye aliyemlea na kumfundisha kuendesha gari. Sasa Breki alikuwa na pikapu lake la magurudumu manne, na kazi yake ilikuwa kupandisha vifaa vya wachimba visima kwenye vilima visivyo na barabara. Alikuwa ameliinua gari kwa springi ndefu ili lisigonge mawe. Gari lilikuwa limeinuka, lakini ekseli ya mbele ilikuwa imevutwa nyuma, na kila akikata kona tairi zililamba madigadi.

"Mikono imekuwa mifupi, kaka," alisema, akiwa amelala chini ya gari. Alimaanisha vile vyuma vinne vinavyoishikilia ekseli kwenye chasisi isiende mbele wala nyuma. "Nataka unitengenezee mipya, mirefu kidogo, minene kuliko ya kiwandani."

"Mpelekee fundi mwingine. Nina kazi nyingi."

Breki alitambaa akatoka, akajifuta mikono. "Kaka, kule juu kuna sehemu nina bonde kulia na bonde kushoto. Niende kwa fundi nisiyemjua? Roho yangu haichomelewi na mtu baki."

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sentensi moja tu ilitosha. Rula akasema, "Lete Jumatatu."

Alipima mara tatu, kisha ya nne, akipapasa alama za futi kwa ukucha. Urefu haukumshinda. Alikata mabomba manne mazito na kuandaa pete za kubebea bushi za mpira kila ncha. Ilibaki kuchomelea pete kwenye mabomba, yaani maungio manane, ambayo ndiyo yangebeba uzito wote wa gari likishuka.

Jumatano alilitia bomba la kwanza begani, akavuka barabara kwenda kwa fundi wa mageti. Alikuwa amekusudia kumwambia: nichomelee haya, na tafadhali usiulize. Fundi wa mageti alimwona akija, akavua kinyago chake akicheka. "Jamani, leo Rula kaja kwetu! Umekosa nini huko?"

Watu watatu waligeuka kutazama.

"Kiberiti," alisema Rula. Akapewa kiberiti, akarudi na bomba lake begani.

Alichomelea mwenyewe, akifuata sauti. Weldi nzuri hutatarika kama mafuta yanayokaanga, na alijipa moyo kwamba masikio yake yalikuwa hayajazeeka. Saba zilikaa vizuri. Ya nane, sauti ilipotea kidogo, ikarudi. Alipopapasa ilipopoa, alihisi mgongo wa weldi umekaa upande mmoja. Alipaswa kuisaga yote, aanze upya. Akawasha grenda akasaga juu tu, mpaka pakawa laini. Miaka yote aliwaambia mafundi wenzake kwamba anayelainisha weldi ana jambo analificha. Kisha akapaka rangi nyeusi.

Breki aliifunga mikono ile kwenye gari siku hiyohiyo, akazunguka mtaa mara mbili akipiga honi. Tairi hazikugusa popote. "Kaka, limekuwa kama mtoto aliyenyolewa!" alipiga kelele dirishani.

Likakaa siku kumi na tisa.

Waliolivuta gari kutoka bondeni walisema lilibingirika mara mbili. Breki alikuwa peke yake. Hospitali iliuokoa uhai wake, na ikaukata mguu wake wa kulia juu ya goti. Kila mtu alisema ni jiwe. Breki mwenyewe, alipoanza kuzungumza, alisema ni jiwe.

Rula alikwenda kwenye uwanja walikoliacha gari. Hakuhitaji macho. Aliingiza mkono chini, akaupata mkono wa chini kushoto, umekatika nchani. Akapitisha kidole kwenye jeraha la chuma. Nusu ya mzunguko ilikuwa na makovu ya kupasuka. Nusu nyingine ilikuwa laini. Weldi ilikuwa imelala juu ya bomba kama nta, haikuwahi kuingia ndani. Alikaa chini, mgongo kwenye tairi, mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama anaumwa.

Mama Pacha alimwambia, "Anaamini ni jiwe. Muache aamini, utamuua." Mara hii yeye ndiye aliyetaka kuficha.

"Nimeshamuua kidogo," alisema Rula.

Alimkuta Breki ameegemea mito, mkewe, shemeji wa Rula, akimmenyea chungwa. Rula hakukaa. Alieleza yote, kuanzia kwa daktari wa macho hadi grenda. Kisu cha shemeji kilisimama katikati ya ganda.

"Ulikuwa huoni," Breki alisema.

"Nilikuwa sioni."

"Ningejua huoni, ningekwenda kwingine, na bado ungekuwa kaka yangu. Ile weldi ya mwisho. Uliijua?"

Rula angeweza kusema hakuwa na uhakika. "Niliijua."

Breki aligeukia ukuta. "Nenda nyumbani, kaka," alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi.

Sasa ni mwaka wa pili. Gereji ya Rula imefungwa, na fundi wa mageti amehamishia mabomba yake pale. Breki amejifunza kutembea kwa mguu wa bandia. Anauza vipuri vya magari kwenye kibanda karibu na kwake. Hakumshtaki kaka yake, wala hakumsema kwa watu. Kwa kila anayeuliza, bado ni jiwe.

Kila Jumapili Mama Pacha humshika Rula mkono, wakaenda. Shemeji huwapokea vizuri na kuwaletea chai barazani. Ndani husikika hatua za Breki, moja nzito na moja nyepesi, zikielekea chumba cha nyuma. Mlango hufungwa, haubamizwi. Rula hunywa chai mpaka iishe, huaga kwa sauti ili asikike ndani, husubiri kidogo, kisha huondoka.