Ndoo ya Mzee Phanuel

Watu wa Butali waliomjua Phanuel enzi za nguvu zake walisema trela la miwa likimwona linajipakia lenyewe. Ulikuwa mzaha, lakini haukuwa mbali na ukweli. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupakia miwa. Aliinama shambani, akajitwika tita begani na kupanda nalo ubao mpaka juu ya trela, huku vijana waliomzidi kwa maneno wakiwa wamesimama chini wanahema. Jioni alirudi nyumbani, akachukua ndoo na kushuka mtoni kumchotea mkewe Nanjala maji. Wanaume wenzake walimcheka kwa hilo. Yeye aliwajibu kwamba maji ni mepesi kuliko miwa.

Nanjala alipofariki, Phanuel hakuiacha ile ndoo. Ndivyo Edah alivyomkuta alipoolewa na mwanawe, Chrispinus. Alikuwa ametoka kwao Bukura juzi tu, na asubuhi ya kwanza akamwona baba mkwe wake, mtu aliyekula chumvi nyingi, akipanda mlima na ndoo ya maji mkononi. Edah aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mwanamke yupo nyumbani, ana mikono miwili, halafu mzee ndiye anayechota maji? Kesho yake aliamka kabla ya mzee na kuichukua ndoo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, kwa upendo na heshima tupu. Yangeanza kwa ubaya, ingekuwa rahisi kuyasimulia.

Baada ya ndoo Edah alichukua jembe, kisha kuni, kisha kamba ya ng'ombe. Chrispinus, ambaye hufanya kazi za ujenzi Eldoret, akamtumia babake kiti cha sponji, kile cha kumeza mtu mpaka kiunoni, kikawekwa barazani. Chai ilimfuata mzee hapo, obusuma, yaani ugali, ukamfuata hapo, hata redio ikahamishiwa hapo. Kila alipotaka kuinuka kufanya jambo, alikuta limekwisha kufanywa. Wanawake wa kanisani walisema Phanuel hakupata mkazamwana, alipata binti. Edah alikuwa akiyasikia maneno hayo na kufurahi. Nani asingefurahi?

Yote hayo aliyafanya kwa mbali. Katika boma hilo, kama katika maboma mengi ya huko, baba mkwe na mkazamwana hawagusani. Hawapeani mikono. Edah aliweka sahani juu ya stuli na kurudi nyuma kabla mzee hajanyoosha mkono. Hakuingia chumbani kwake, na mzee hakukanyaga jikoni kwake. Hata kumkazia macho haikufaa. Lakini macho hayana kufuli. Aliona suruali ikizidi kumpwaya mapajani. Aliona kwamba mzee hainuki tena bila kushika kiti kwa mikono yote miwili, akijisukuma, akirudi chini, akijisukuma tena. Aliona akitembea huku mkono mmoja ukipapasa ukuta.

Siku moja alipita Pascalia, mhudumu wa afya wa kijiji. Alimwamkua mzee, kisha akamwambia, "Baba, kunja mikono kifuani, halafu uinuke."

Phanuel akakunja mikono. Akajaribu, sponji ikamrudisha. Akajaribu tena. "Hiki kiti kimenizoea," alisema huku akicheka, na Pascalia akacheka naye kwa adabu.

Alipofika jikoni kwa Edah, ambaye sasa alikuwa na mtoto, Ashley, hakuwa anacheka. "Mama Ashley, huyu mzee si mgonjwa. Ni miguu imeisha kwa kukaa. Nyama ya mguu isipofanya kazi inaishanga, na kwa mzee inaisha haraka. Mpe kiti kigumu. Kila siku ainuke, akae, ainuke, akae. Mwache abebe maji kidogo. Akianguka hivi alivyo, hatakuwa na nguvu ya kujizuia."

Edah alielewa vizuri kabisa. Kesho yake aliiweka ndoo mlangoni kwa mzee na kwenda zake, kama mtu aliyeisahau. Phanuel aliitazama ndoo. Akatabasamu, tabasamu ambalo Edah hakuwa ameliona tangu aolewe, akaishika na kushuka nayo mtoni polepole. Alirudi na maji yasiyofika nusu, jasho likimtiririka, akiwa na furaha ya waziwazi.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Jirani yao Quinter alimkuta mzee njiani na ndoo, akaja moja kwa moja mpaka jikoni. "Siku hizi mzee ndio anachotanga, na wewe umekaa?" Kabla ya jioni habari zilikuwa zimefika Eldoret. Chrispinus akapiga simu. "Edah, unataka watu waseme nini juu yangu? Kwamba baba yangu ni kibarua wako?"

Edah alitaka kueleza. Mkazamwana anaanzaje kuzungumza juu ya mapaja ya baba mkwe, hata kwa mumewe? Alisema tu, "Nimesikia." Asubuhi akaichukua ndoo. Mzee akarudi kwenye kiti chake.

Masika yalipoingia, mchana mmoja ndama alikata kamba na kuingia kwenye mahindi. Edah alikuwa jikoni. Phanuel alijivuta kutoka kitini ili akamrudishe, mguu ukagonga ukingo wa baraza kwa sababu haukuinuka vya kutosha, na miguu iliyokuwa ikipanda ubao na tita la miwa haikuweza kumsimamisha.

Edah alisikia kishindo. Alimkuta amelala ubavu uani, mguu mmoja umegeuka vibaya. Akamkimbilia, mikono mbele. Mzee akainua kiganja.

"Hapo hapo, Mama Ashley. Usifike hapa."

"Baba, wacha nikuinue."

"Hapana. Ita wanaume."

Akawapigia. Wanaume walikuwa mazishini ng'ambo ya mto, wakasema wanakuja. Mvua ikaanza, ile ya alasiri ambayo huko Kakamega haiombi ruhusa. Edah alileta blanketi, akamrushia bila mkono wake kumgusa. Kisha akachukua mwavuli, akasimama mbali, akaunyoosha mkono mpaka bega likauma ili umfunike mzee, na uso wake akaugeuzia kwenye miwa kama heshima ilivyotaka. Maji yalimshuka mgongoni. Nyuma yake mzee aliguna, akiuficha uchungu.

"Mama Ashley, unanyeshewa."

"Sinyeshewi, Baba."

"Ile ndoo ungeniachia tu," mzee akasema. "Nilikuwanga naipenda."

Hakusema kwa lawama, na ndiyo maana maneno yake yalimchoma. Edah alilia akiitazama miwa.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Mzee alirudi kutoka hospitali akiwa wa kulala. Ndipo wazee walipokaa, na Khisa, mdogo wake Phanuel, akaleta ingokho. Kuku yule akapikwa, mzee na Edah wakala katika sahani moja, na ikatangazwa kwamba mwiko umelegezwa na Edah anaweza kumshika. Jioni hiyo alimwinua kwa mara ya kwanza. Alijiandaa kwa uzito wa mtu yule aliyesimuliwa Butali nzima, akavuta kwa nguvu zake zote, karibu amrushe. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Phanuel akageuza uso ukutani.

Hakumaliza miezi mingi. Kifua kilimjaa, akaenda.

Siku ya mazishi Khisa alishika kipaza sauti. "Tangu huyu msichana aingie hapa," alisema, "ndugu yangu hakuinua hata ndoo." Watu wakapiga makofi. Edah alitazama miguu yake. Alitamani ardhi immeze, na machozi yakakataa kutoka.

Mama yake alikuwa amekuja kutoka Bukura pamoja na Michelle, mke wa kaka yake Edah. Michelle alimbebea mama mkoba, akamletea chakula, akamtafutia mahali pazuri pa kukaa. Alimkalisha kwenye kile kiti cha sponji.

"Huyu mtoto hakubalingi nishike hata mwiko," mama alimwambia Edah kwa majivuno.

Edah alimtazama mapaja, kisha mikono. "Mama, hebu inuka."

"Kuna nini?"

"Inuka tu nikuone. Usishike kiti."

Mama akacheka, akakunja mikono, akainama mbele. Sponji ikamrudisha.

"Mwache," Edah alimwambia Michelle, ambaye alikuwa amekwisha kuruka. "Michelle, mwache ainuke mwenyewe."

Lakini Michelle alikuwa amekwisha kumshika kwapani na kumsimamisha, na akina mama waliokaa karibu wakasema Mungu ambariki msichana huyo, ana heshima kama ya Edah.